Bibi Mwalimu Anajibu: Mgeni Rasmi, Mali ya Mjerumani na Kilima Kinachoingiza Jua

Toleo lililopita niligusia matembezi niliyohudhuria Ayalandi, nilipokwenda kumwona binti yangu ambaye ni muuguzi katika mji wa Drogheda. Niliandika mistari michache tu: kwamba kila Agosti huko kuna wiki ya urithi, watu wanatembelea magofu, makaburi ya kale na makumbusho, wanasikiliza mazungumzo ya historia, na shughuli nyingi hazina kiingilio. Sikutegemea barua nyingi hivi. Hata ile habari ya minada ya korosho haikupata nusu yake. Nimechagua hizi, na walionitukana kwa heshima nao wamo.

Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Kilwa Masoko. Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, tunakuona kwa macho kutoka ufukweni, lakini nina wanafunzi wa kidato cha tatu ambao hawajawahi kuvuka. Tuliwahi kuandaa siku ya urithi, ikaishia kwenye hotuba na soda. Hao wenzetu wanafanyaje? Nani anazungumza, na nani analipa? (Mwalimu, Kilwa Masoko)

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nikueleze kwanza nilichokiona, halafu twende Kilwa.

Binti yangu alinipeleka Monasterboice, makaburi ya kale yaliyo nje ya Drogheda. Kuna mnara wa mawe wa mviringo, mrefu, uliokatika kilele. Kumbukumbu zao za kale zinasema uliungua mwaka 1097 pamoja na vitabu vilivyokuwa ndani. Kuna misalaba ya mawe pia, na maarufu kuliko yote ni msalaba wa Muiredach, una zaidi ya mita 5, umechongwa mwanzoni mwa karne ya 10. Kuanzia chini hadi juu ni visa vya vitabu vitakatifu: Adamu na Hawa, Kaini na Habili. Mimi na baibui langu nikasimama pale kwenye mvua ya rasharasha, nikaona visa ninavyovijua tangu chuoni kwa Maalim.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa hapohapo kijijini, dereva mstaafu wa basi. Si profesa. Alitoa tochi mfukoni, mchana kweupe. Hakuimulika jiwe usoni, aliiweka pembeni kabisa, mwanga ukawa unaparaza juu ya jiwe. Chini, walipochongwa paka wawili, maandishi ambayo sikuyaona hata kidogo yakajitokeza kwa vivuli vyake. Yanasema: mwombeeni Muiredach, aliyeufanyiza msalaba huu. Watoto walipiga kelele, kila mmoja akataka kuishika tochi. Mama mmoja akamkatiza mzee, akasema ukoo fulani haukuzikwa upande ule aliouonyesha, babu yake ndiye aliyechimba. Wakabishana. Hakuna aliyeona ni utovu wa adabu, na mimi nilijifunza zaidi kwenye yale mabishano kuliko kwenye maelezo yenyewe.

Baadaye tulikunywa chai ukumbini. Utambulisho wa meza kuu haukuwepo. Meza kuu yenyewe haikuwepo.

Ukiuliza nani anapanga: wana baraza la urithi, Heritage Council, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Baraza haliandai kila kitu. Linatangaza wiki, linakusanya ratiba mahali pamoja, basi. Maktaba, chama cha historia cha kijiji, jumba la makumbusho, hata mtu mmoja mwenye jambo la kueleza, anaandikisha shughuli yake. Halmashauri zao nyingi zina afisa urithi, na kazi yake mojawapo ni kuwasukuma watu wa aina ya yule mzee. Wengi wanajitolea. Kwa hiyo gharama kubwa ni chai.

Sasa Kilwa. Usiige Agosti. Wiki ya kwanza watu na viongozi wote wako Ngongo kwenye Nanenane, wenye mikorosho bado wanapuliza salfa, na kusi halijamaliza hasira zake baharini. Chukua Septemba mwishoni, bahari imetulia na msimu wa korosho haujawameza wazazi. Andika mapema kwa ofisi inayosimamia magofu, uulize ada ya wanafunzi na kibali, na usivushe mtoto hata mmoja bila jaketi la kuokolea. Hilo sina utani nalo.

Kuhusu mzungumzaji, tafuta fundi anayejua kuchoma chokaa. Msikiti Mkuu wa Kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 kwa nguzo na makuba, yote mawe ya matumbawe na chokaa. Mwanafunzi akionyeshwa jiwe la matumbawe linavyochongwa likiwa bado bichi, limetoka majini, na linavyokuwa gumu likikauka, hatauliza tena eti ni nani aliwajengea Waswahili. Mtafute na mama anayeishi pale kisiwani, anayechota maji na kupita katikati ya kuta hizo kila siku, aseme bibi yake aliambiwa nini kuhusu Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani. Mwache abishane na nahodha wa mashua.

Wewe mwalimu bakiza kazi ya kuunganisha. Waambie Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika hapa mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wake. Waonyeshe picha ya sarafu ya shaba ya Kilwa: jina la sultani upande mmoja, sifa ya Mungu upande wa pili, na pande mbili zinapatana vina kama ubeti. Sarafu iliyotungwa shairi! Halafu waambie sarafu ya Kilwa imeokotwa Zimbabwe Kuu, na nyingine 5 ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko wataalamu bado wanavutana. Waachie watoto swali hilo warudi nalo kwenye mashua.

Na mgeni rasmi? Kama ni lazima awepo, mpangie azungumze mwisho, baada ya kuvuka, jua likiwa limeshamkumbusha kwamba watu wana njaa.

Bibi shikamoo. Mimi naendesha bodaboda hapa Mikindani. Kuna jamaa wamekuja na ramani na mashine ya kusaka chuma ardhini. Wanasema Mjerumani alifukia sanduku la rupia karibu na mbuyu ulio nyuma ya shamba letu. Kila mtu anatakiwa achange laki na nusu, na awepo beberu mweusi asiye na doa. Mzee wangu ameshaanza kulegea. Ni kweli Wajerumani waliacha mali? (Dereva, Mikindani)

Marahaba mjukuu wangu. Hiyo laki na nusu nunua tairi.

Nakujibu kwa urefu maana najua barua yako inasomwa na wengi waliochimba tayari, nao wamekaa kimya. Uvumi huu una miguu kwa sababu kuna ukweli kidogo ndani yake. Mjerumani alijenga boma pale Mikindani mwaka 1895. Sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo zilipigwa kweli, mwaka 1916, lakini Tabora. Jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa kwetu katika vita vya kwanza vya dunia, lilipovuka Ruvuma Novemba 1917 lilikuwa halina chakula, dawa wala risasi za kutosha, na ng'ambo ya mto likawavamia Wareno kule Ngomano ili lipate vitu hivyo. Watu wa hali hiyo wanafukia masanduku ya mali chini ya mbuyu wako kwa ajili gani?

Sasa sikiliza kisa cha Ayalandi. Kuna mlima mdogo unaitwa Tara, ndipo zamani wafalme wakuu walipotawazwa. Ni mahali pa heshima kwao kama makaburi ya mababu. Mwaka 1899 likaja kundi la Waingereza waliojiaminisha kwamba taifa lao limetokana na makabila ya Israeli yaliyopotea, na kwamba Sanduku la Agano, lile la Nabii Musa, limefukiwa Tara. Wakaanza kuchimba. Walipingwa na watu wakubwa, akiwemo mshairi W. B. Yeats na mwanaharakati Maud Gonne, magazeti yakapiga kelele, lakini uchimbaji haukukoma kabisa hadi 1902. Sanduku halikupatikana. Kilichopatikana ni ngome ya kale ya udongo iliyovurugwa tabaka kwa tabaka, na mtaalamu akichimba pale leo hawezi tena kujua kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Hao walikuwa wasomi wenye fedha zao. Hawakudai hata beberu.

Nikupe na cha upande wa pili. Julai 2006, dereva wa kijiko alikuwa akichimba udongo wa kinamasi katika eneo la Faddan More, huko Tipperary. Akaona kitu kwenye ndoo ya mashine, kama kurasa. Akasimamisha kazi. Yeye na wenye eneo wakakifunika kwa udongo uleule wenye maji wakaita makumbusho ya taifa. Angekianika juani kingekuwa vumbi. Kilikuwa kitabu cha Zaburi cha mwaka 800 hivi, na wataalamu walikaa nacho miaka wakikikausha taratibu. Ndani ya jalada lake la ngozi walikuta bitana ya mafunjo, yale mafunjo ya kuandikia yaliyokuwa yakitengenezwa Misri. Kinamasi cha Ayalandi kimehifadhi kitu kilichotoka bara letu miaka 1,200, kwa sababu dereva mmoja alijua wakati wa kuzima mashine.

Huku kwetu kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa. Ukikuta kigae, sarafu, ushanga au mfupa unapochimba choo au msingi, usikioshe, usikisugue kwa mchanga king'ae. Weka alama ulipokitoa, piga picha kikiwa palepale, nenda kwa mtendaji au kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Ushanga ulioondolewa bila kuandikwa ulikotoka hauna tena cha kumwambia mtu.

Mzee wako mpe salamu zangu. Mwambie kama kuna beberu, tumle Iddi.

Bibi, mwalimu wetu alisema Ayalandi kuna kaburi ambalo jua linaingia siku moja tu kwa mwaka. Wenzangu wanasema ni hadithi ya mtandaoni. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa kike, Lindi mjini)

Mwalimu wako, isipokuwa si siku moja kamili, ni asubuhi chache zinazofuatana.

Panaitwa Newgrange, si mbali na pale Drogheda. Ni kilima kilichojengwa kwa mikono miaka 3,200 hivi kabla ya Nabii Isa, ni kikongwe kuliko piramidi za Giza. Kuna ujia wa mawe wa mita 19 unaokwenda hadi chumba cha kati. Juu ya mlango kuna kijidirisha cha mawe. Disemba karibu na tarehe 21, siku zikiwa fupi kuliko zote kwao, jua likichomoza mwale unapenya kijidirisha kile, unatambaa sakafuni hadi chumbani, unakaa kama dakika 17, unaondoka. Hayo ni kama mawingu yameruhusu, na mawingu ya kule nimeyaona.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi lilivyojulikana. Profesa M. J. O'Kelly alianza kuchimba hapo mwaka 1962. Wenyeji wakawa wanamwambia: zamani jua lilikuwa likiingia humo ndani. Akiwauliza nani aliyeona, hakuna. Kila mtu alimjua mtu aliyesikia. Alidhani wanachanganya na Stonehenge, yale mawe ya kale yaliyosimamishwa kule Uingereza. Lakini hakuyatupa maneno yao. Tarehe 21 Disemba 1967 akaingia peke yake alfajiri, akakaa gizani, na jua likaingia.

Kila mwaka hupigwa bahati nasibu ya nafasi za asubuhi hizo, makumi ya maelfu wanaomba na wachache sana wanapata. Sisi wengine tunawashiwa taa ya umeme ituonyeshe mwale unavyopita. Nilishtuka hata kwa taa.

Mwalimu, hao Waayalandi wako walisherehekea vitu ambavyo wanavyo. Sisi Lindi mjusi wetu mkubwa wa kale, dinosaria, yuko Berlin. Tusherehekee shimo? (Msomaji, Mchinga)

Hasira yako naielewa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walitoa Tendaguru, kilima cha hapo Lindi, mifupa ya tani 250 hivi, ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kila safari. Mmoja wa mijusi hiyo amesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13.

Waayalandi nao wanalijua hili. Mwaka 1896 wakulima waliokuwa wakilima kwa plau huko Broighter, kaskazini, waliibua vitu vya dhahabu, kikiwemo kijimtumbwi kidogo chenye makasia yake. Vikauzwa, vikafika British Museum ya London. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1903 ikaamuliwa virudi, leo viko Dublin. Kesi ya mifupa ni tofauti na ngumu zaidi, sikudanganyi. Lakini kudai hakuzuii kusimulia. Msimamizi mkuu wa wachimbaji pale Tendaguru alikuwa Boheti bin Amrani, wazungu wenyewe waliandika kwamba bila yeye kazi isingekwenda. Nimeuliza vijana wa Lindi wamtaje, wakanitajia wachezaji wa Simba. Anza na huyo Boheti. Mkusanyiko wa kumzungumzia yeye hauhitaji mfupa.

Bibi unawasifia mno. Wazungu hawajabomoa kitu? (M., Mtwara, Chikongola)

Wamebomoa sana, na walioandamana walishindwa. Miaka ya 1970 Dublin, mahali panapoitwa Wood Quay, yaliibuka mabaki ya mji wa Waviking, mabaharia wa kale kutoka Skandinavia: nyumba, njia za mbao, viatu vya ngozi. Halmashauri ya jiji ilitaka kujenga ofisi zake papo hapo. Septemba 1978 watu kama 20,000 waliandamana. Ofisi zikajengwa. Zipo mpaka leo, watu wanakwenda kulipia huduma humo.

Umeridhika?

Shikamoo Bibi. Nafundisha darasa la sita, kijiji kimoja Masasi. Hatuna magofu, hatuna msikiti wa kale, hatuna mjusi. Tufanye nini? (Mwalimu, Masasi)

Marahaba. Barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo niliyoipenda.

Mwaka 1937 tume ya hadithi na mila ya Ayalandi iliomba shule za msingi jambo moja. Badala ya insha ya kila wiki, watoto wa madarasa ya juu, wa miaka 11 hadi 14, waende kwa wazee wao waulize, waandike. Walipewa mada: visima, makaburi yaliyosahaulika, dawa za mitishamba, mali zilizofichwa (unaona, hata wao), dhoruba za zamani, michezo, vyakula. Kazi ilikwenda hadi 1939, watoto kama 50,000 wa shule 5,000. Madaftari yamehifadhiwa mpaka leo, na mtu akitaka kuandaa mazungumzo ya historia ya kijiji chake, hapo ndipo anapoanzia. Mjukuu anasoma mwandiko wa bibi yake akiwa na miaka 12.

Masasi mna mada mpaka za kugawa. Nani alikula ming'oko mwaka upi wa njaa, na aliichimba msitu gani. Utani wa Wamakua, Wayao na Wamakonde ulivyotumika msibani kabla ya vipaza sauti. Reli ya karanga iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea baada ya vita vya pili vya dunia, ikang'olewa: nani katika kijiji chenu alifanya kazi humo, na vyuma vyake vimeishia kwenye zizi la nani. Wapigania uhuru wa Msumbiji waliokuwa Nachingwea, nani aliwapikia. Nyimbo za unyago usiziguse, zina wenyewe na zina umri wake. Mengine yote ulizeni.

Masharti yangu ni mawili. Mtoto aandike kama mzee alivyosema, hata kama kachanganya Kiswahili na Kimakua, usimsahihishie. Na juu ya ukurasa kuwe na jina la msimulizi, kitongoji chake na mwaka. Madaftari yakijaa, usiyaache kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, mchwa wa Masasi nawajua. Nitumie taarifa kupitia mhariri, nitakuja mwenyewe tuyasome mbele ya waliosimulia, kabla ya msimu wa korosho kuanza.